Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kuhusu njia za waenda kwa miguu katika mitaa yetu ya makazi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: MATENGENEZO NA UJENZI WA NJIA ZA WAENDA KWA MIGUU

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Ninakuandikia hadharani, nikiwa mkazi wa mtaa wa makazi ulio chini ya Halmashauri yako, kwa sababu jambo ninalolileta si la nyumba moja wala la mtaa mmoja, na majibu yake nayo yanapaswa kusomwa na kila anayetembea katika mitaa hii. Ombi lenyewe ni hili: Halmashauri izitambue njia za waenda kwa miguu kuwa sehemu kamili ya barabara, izitengee kasma yake ya matengenezo katika kila mwaka wa fedha, na ijenge vipande vinavyokosekana ili njia zilizopo zifike kule watu wanakokwenda.

Barabara ya lami katika mtaa wetu ina mwenyewe. Inapotoboka, anajulikana wa kuulizwa, lipo fungu la kuziba mashimo, na mafundi huja kuyaziba hata kama wanachelewa. Njia ya waenda kwa miguu iliyo kando yake haina mwenyewe. Ilijengwa siku barabara ilipojengwa, ikakabidhiwa pamoja nayo, na tangu hapo hakuna aliyepewa kazi ya kuitazama. Mkazi akipeleka malalamiko idara inayohusika na barabara, anaambiwa hilo ni suala la usafi na mandhari. Akienda huko, anaambiwa ni suala la mwenye nyumba iliyo mkabala na njia. Na mwenye nyumba naye, kwa haki kabisa, anauliza ni lini alikabidhiwa njia ya umma.

Naomba nikuoneshe kipande kimoja, kile kinachotoka kituo cha basi kuelekea shule ya msingi. Kinaanza vizuri, kwa upana unaowatosha watu wawili kutembea sambamba. Baada ya nyumba chache, mizizi ya mti wa kivuli imeliinua bamba la zege upande mmoja, na ukingo wake umesimama kama kidato cha ngazi ambacho hakuna anayekitarajia. Kona yake imelika kwa kukwanguliwa na viatu na magurudumu. Mbele kidogo nguzo ya umeme imesimama katikati ya njia, na ua wa miti wa nyumba iliyo hapo umetanda hadi kuigusa, kiasi kwamba mtu mzima hupita kwa kugeuka ubavu. Mfuniko wa mtaro umevunjika nusu, na msamaria fulani amechomeka tawi kavu ndani ya shimo ili liwe alama kwa wengine. Kisha njia inakwisha. Haimshushi mtu taratibu wala haimvushi upande wa pili. Inakatikia kwenye kona ya ukuta wa kiwanja, na baada ya hapo kuna udongo uliokanyagwa mpaka ukawa mgumu, ambao hugeuka tope mvua ikinyesha.

Udongo ule uliokanyagwa unastahili kutazamwa kwa makini kabla ya kuagizwa upembuzi wowote wa gharama kubwa. Unaeleza watu wanapita wapi, ni wengi kiasi gani, na wanakata kona wapi. Wakazi wamekwisha kuichora njia kwa miguu yao, na kazi iliyobaki kwa mhandisi ni kuijenga palepale walipoichora.

Mahali njia inapokatika, kila mmoja hufanya anavyoweza. Vijana huruka mtaro na kuendelea. Mama mwenye kigari cha mtoto hushuka barabarani na kutembea akiwa ameyapa magari mgongo, kwa kuwa upande wa pili hakuna njia kabisa. Wazee husimama, wakasubiri barabara iwe tupu, na siku hizi wapo walioacha kwenda kwa miguu mahali ambapo zamani walikwenda bila kufikiri. Jirani yetu mmoja asiyeona huifuata njia kwa fimbo nyeupe, na mitaa yote anaijua kwa kichwa. Nguzo iliyo katikati ya njia haimsumbui sana, kwa sababu ipo palepale miaka yote na ameshaizoea. Kinachomsumbua ni gari lililoegeshwa juu ya njia leo, ambalo jana halikuwapo na kesho huenda lisiwepo. Analigonga kwa fimbo, analizunguka kwa kupapasa, na kuzunguka huko kunamwingiza barabarani bila kujua ameingia umbali gani. Nimemshika mkono mahali hapo, lakini mtu mzima anayeyajua mazingira yake hapaswi kumngoja jirani apite ndipo avuke mbele ya nyumba yake mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023 kuhusu usalama barabarani, lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo zinaongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watu wasiokingwa na bodi ya gari, yaani waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Kuhusu tiba, wakala wa serikali ya Marekani unaosimamia barabara kuu, unaofahamika kwa kifupi kama FHWA, umeziweka njia za waenda kwa miguu katika orodha yake ya hatua za usalama zilizothibitishwa, na unaeleza kuwa hupunguza kwa asilimia 65 hadi 89 ajali zinazowapata watu wanaotembea kandokando ya barabara. Punguzo hilo ni kubwa, lakini sababu yake haina fumbo. Ajali za aina hiyo hutokea kwa kuwa mtu na gari wamewekwa mahali pamoja; ukimpa mtu mahali pake palipoinuliwa na kutenganishwa kwa ukingo, umeiondoa asili yenyewe ya ajali, hukuishia kumwonya dereva wala kumsihi mtembeaji.

Ni haki niongeze kwamba takwimu hiyo inahusu wanaotembea kando ya barabara, haiwahusu wanaovuka. Wanaovuka wanahitaji vivuko vinavyoonekana, mwanga wa kutosha usiku, na zaidi ya yote mwendo mdogo wa magari. Shirika hilohilo la Afya Duniani linaeleza kuwa hatari ya kufa kwa anayegongwa na sehemu ya mbele ya gari huongezeka mara 4.5 mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Kwa hiyo hatudai kwamba njia peke yake itamaliza kila kitu. Tunachosema ni kwamba pasipo na njia, hayo mengine yote hayana pa kuanzia, kwa sababu hata kivuko kizuri hakimsaidii mtu ambaye alilazimika kutembea katikati ya magari ili akifikie.

Husemwa mara kwa mara, na wakati mwingine na viongozi wenyewe, kwamba watu wanatembea barabarani kwa ukaidi. Ninaomba kauli hiyo ipimwe kwa macho. Simama jioni mahali njia ilipo nzima, utaona watu wamo ndani ya njia. Simama tena pale palipoharibika, utaona watu haohao, kwa viatu vilevile, wako barabarani. Tabia yao haikubadilika katika hatua hizo chache. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, katika kifungu chake cha 20, unamtaka mwenda kwa miguu atumie njia yake pale ilipo, na unamruhusu kutembea barabarani kwa tahadhari pale isipowezekana kuitumia. Waliouandika walifahamu kwamba wajibu wa mtembeaji unategemea kuwapo kwa njia inayotumika, na wajibu wa kuiweka njia hiyo katika hali ya kutumika hauwezi kuwa wa mtembeaji mwenyewe.

Sasa nije kwenye matengenezo, ambayo kwangu ndiyo kiini cha barua hii. Katika mipango mingi matengenezo hutajwa mwishoni, baada ya ujenzi mpya wenye kuzinduliwa na kukatiwa utepe, ilhali njia iliyopo ikiachwa ife, ile mpya nayo itakufa vivyo hivyo.

Njia ya zege haiharibiki kwa siku moja, na sababu za kuharibika kwake zinajulikana vizuri na mafundi. Udongo wa chini usiposhindiliwa sawasawa, bamba linatitia upande mmoja. Maji yasipopewa pa kwenda, hupenya kwenye maungio, yakabeba mchanga wa chini kidogo kidogo, mpaka bamba linabaki limeegemea utupu na kuvunjika kwa uzito wa kwanza mkubwa utakaopita juu yake. Uzito huo kwa kawaida ni wa gari. Unene wa sentimita 10 unaotumika sana kwa njia za miguu unamtosha mtu na baiskeli yake, lakini mahali magari yanapokatiza kuingia majumbani panahitajika unene wa kama sentimita 15 na msingi imara zaidi. Njia iliyojengwa kwa unene wa miguu, kisha ikageuzwa maegesho, ni lazima ivunjike. Maungio nayo yana kazi yake: zege husinyaa linapokauka, na fundi anayekata mistari kila baada ya mita moja na nusu hivi, kwa kina cha robo ya unene, analipangia zege pa kupasukia. Asiyeikata analiachia zege lichague lenyewe, na hapo nyufa hukimbia ovyo. Hata umwagiliaji wa zege katika siku saba za mwanzo, kazi ambayo mkandarasi mwenye haraka huiruka kwa kuwa haionekani, ndio unaoamua kama uso wa njia utabaki mgumu au utaanza kumenyeka mapema.

Haya ninayaeleza ili kuonesha kwamba matengenezo ya njia yanahitaji utaratibu kuliko yanavyohitaji fedha nyingi. Bamba lililoinuka kidogo halihitaji kuvunjwa; ukingo wake unaweza kusagwa kwa mashine ukawa mteremko laini. Bamba lililotitia lakini bado zima linaweza kutobolewa matundu, likasukumiwa tope la saruji chini yake na kurudi usawa wake. Lililopasukapasuka ndilo la kubadilishwa, na likishughulikiwa mapema hubadilishwa peke yake kabla halijaharibu jirani zake. Viwango vya Marekani vya ufikivu kwa watu wenye ulemavu hukubali tofauti ya kimo ya wima isiyozidi takriban milimita 6. Kutoka hapo hadi milimita 13 ukingo sharti uchongwe mshazari, na kinachozidi hapo kinahesabiwa kuwa ni mwinuko wa kujengewa mteremko maalumu. Milimita 6 ni kitu ambacho mtu mwenye afya hakioni hata kidogo. Lakini gurudumu dogo la mbele la kiti cha magurudumu hukwama hapo, na kidole cha mguu cha mzee ambaye hanyanyui tena mguu kama zamani hujikwaa hapo. Kipimo kinapaswa kuwekwa kwa kumfikiria mtu huyo, kwa kuwa njia iliyo salama kwake ni salama kwa kila mtu, na kinyume chake si kweli.

Kuhusu miti, nitasema wazi kwa sababu najua jibu jepesi litakuwa ni kuikata. Miti ya kivuli ni sababu kubwa ya watu kukubali kutembea wakati wa jua, na njia isiyo na kivuli huachwa tupu mchana hata ikiwa nzuri namna gani. Mizizi hutambaa chini ya zege kwa sababu hapo hupata unyevu na hewa, wakati udongo wa pembeni umeshindiliwa ukawa mgumu. Tiba ni kuupa mti nafasi: kuacha eneo kubwa la udongo wazi kuzunguka shina, kuipinda njia iupite mti kwa pembeni, kutandaza tabaka nene la kokoto chini ya zege, au kutumia matofali ya zege yanayoweza kung'olewa na kupangwa upya mizizi inapokua. Kukata mizizi minene karibu na shina ni hatari, maana mti huonekana umepona kumbe umepoteza nanga zake, na unaweza kuanguka katika upepo wa baadaye. Tunaomba mtaalamu wa miti ashirikishwe kabla ya fundi kufika na shoka.

Kuna uharibifu mwingine ambao hautokani na mti wala maji, nao ndio unaoniudhi kuliko yote: ni wa kuchimba na kuondoka. Njia iliyo nzima huchimbwa ili kupitisha bomba au waya, kazi ya chini inakamilika, mfereji unafukiwa kwa kifusi kilekile bila kushindiliwa kwa tabaka, na juu yake hurushwa zege jembamba au haurushwi chochote. Baada ya mvua chache panatitia, na njia iliyokuwa imara inakuwa na kovu lisilopona. Halmashauri haihitaji fedha yake yenyewe kulizuia hili. Inahitaji kibali cha kuchimba kinachoambatana na amana itakayorudishwa baada ya kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuona kama kazi imedumu, kupita, ukaguzi wakati wa kufukia badala ya baada ya kufukia, na sharti kwamba bamba lililokatwa libadilishwe lote mpaka kwenye maungio yake, lisizibwe kwa kiraka. Inahitaji pia ratiba moja inayoonesha nani anachimba wapi na lini, ili njia iliyojengwa mwezi huu isichimbwe mwezi ujao.

Tatizo la njia isiyo na mwenyewe limeshughulikiwa kwingine, na inafaa tujifunze. Katika miji mingi ya Marekani mwenye nyumba ndiye anayewajibika kutengeneza njia iliyo mbele ya kiwanja chake, na matokeo yake yanaonekana kwa macho: mbele ya nyumba hii njia ni mpya, mbele ya nyumba ifuatayo imevunjika, na mbele ya kiwanja kisicho na mtu haipo kabisa. Mji wa Denver ulikuwa na utaratibu huo hadi wapiga kura wake walipoamua, mwezi Novemba 2022, kuuhamishia mji wenyewe jukumu la kujenga na kutengeneza njia hizo kwa ada inayolipwa na wamiliki wote. Huko Sacramento, katika jimbo la California, wakazi wenye ulemavu waliushtaki mji kwa sababu njia hazikuweza kutumika, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa iliamua kwamba njia za waenda kwa miguu ni sehemu ya huduma zinazotolewa na mji, hivyo sheria ya mwaka 1990 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu inazihusu. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano kwamba mji utenge asilimia 20 ya mfuko wake wa usafiri wa kila mwaka, kwa muda wa hadi miaka 30, kwa ajili ya kuzifanya njia zifikike. Sipendekezi kwamba tunakili asilimia hiyo, wala sitamani kuona mtu yeyote akilazimika kwenda mahakamani ili afike kituo cha basi. Ninachokiona cha thamani ni umbo la suluhisho lenyewe: kiwango kinachojulikana, kinachotengwa kila mwaka, kwa miaka mingi, bila kutegemea nani ana sauti kubwa kikaoni.

Kwa upande wa njia mpya, hatuombi kila mtaa ujengwe kwa mwaka mmoja. Tunaomba utangulie mpangilio unaoanza na vipande vilivyokatika katikati ya njia zilizopo, kwa kuwa hapo ndipo urefu mfupi wa ujenzi huzaa urefu mkubwa wa njia inayotumika. Kisha maeneo yanayozunguka shule, zahanati na vituo vya basi. Kisha mitaa yenye magari mengi ambayo haina njia upande wowote. Katika mitaa midogo ambako magari ni machache na mwendo ni wa polepole, njia ya upande mmoja inaweza kutosha kwa sasa, mradi upande huo usibadilike badilike na kumlazimisha mtu avuke mara kwa mara.

Upana ni suala ambalo tusingependa lipunguzwe wakati wa kubana matumizi. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2023 unaohusu ufikivu wa njia za umma unataka upana usiopungua sentimita 122, na mahali pa kupishana penye sentimita 152 angalau kila baada ya mita 61. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, na kinahesabiwa baada ya kuondoa nguzo, mabango na masanduku ya umeme. Njia yenye upana wa mita moja na nusu kwenye mchoro, iliyosimikwa nguzo katikati, si njia ya mita moja na nusu. Mteremko wa pembeni wa kuondoa maji usizidi takriban asilimia 2, kwa kuwa ukizidi hapo kiti cha magurudumu huvutwa kuelekea barabarani na mwenye kukiendesha huchoka mkono mmoja. Kwenye makutano, ukingo ushushwe kwa mteremko usiozidi 1 kwa 12, yaani kimo cha sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, na hapo ziwekwe alama za kugusa kwa miguu au kwa fimbo. Alama hizo zilibuniwa mwaka 1965 na Mjapani Seiichi Miyake, na ziliwekwa barabarani kwa mara ya kwanza katika mji wa Okayama tarehe 18 Machi 1967. Ni vinundu tu juu ya tofali, lakini humweleza asiyeona kwamba hatua inayofuata ni barabara. Tukishusha ukingo bila kuweka vinundu, tunamsaidia mwenye kiti cha magurudumu na papo hapo tunamwondolea asiyeona ishara pekee aliyokuwa nayo.

Jambo moja la kiufundi husahaulika sana, nalo ni malango ya nyumba. Mahali pengi njia hushushwa na kupandishwa kila inapofika kwenye lango, ili gari lipite bila kupanda. Kwa anayetembea inakuwa ni milima na mabonde mtaa mzima. Njia iendelee katika usawa wake, na gari, ambalo lina injini, ndilo lipande. Dereva anayelazimika kupanda juu ya njia hupunguza mwendo na kutambua kwamba anapita mahali pa watu.

Ninafahamu yatakayosemwa dhidi ya haya. Itasemwa kwamba hifadhi ya barabara imevamiwa, kuta na bustani zimeingia ndani yake, na kuzibomoa ni mgogoro. Penye uvamizi wa kweli tunaomba mipaka ioneshwe kwa vigingi na wahusika wapewe muda, na penye ufinyu wa kweli tunaomba upana wa barabara ya magari upitiwe upya, kwa sababu njia za magari katika mitaa ya makazi mara nyingi ni pana kuliko mwendo unaotakiwa humo, na upana huo ndio unaowaalika madereva kukimbia. Itasemwa pia kwamba maegesho yatapungua. Ni kweli yatapungua, na sisi tulio na magari tuseme wazi kwamba tunalikubali hilo.

Kisha itasemwa kwamba fedha hakuna. Ninaheshimu ugumu wa kupanga bajeti, na ndiyo maana ninasisitiza kwamba sehemu ya kazi hii haingoji mradi. Kupunguza matawi, kurudisha mifuniko ya mitaro, kuondoa vifusi vilivyorundikwa juu ya njia, kusaga kingo zilizoinuka, na kutandaza changarawe iliyoshindiliwa mahali njia ilipokatika ili watu wasikanyage tope wakati wakisubiri zege, ni kazi zinazoweza kufanywa na kikosi kidogo chenye vifaa vya kawaida, kinachozunguka mtaa kwa mtaa kwa ratiba iliyotangazwa. Ikumbukwe pia kwamba mahali ambapo mtaro wa maji ya mvua unajengwa upya, mtaro uliofunikwa kwa mabamba imara huweza kuwa njia kwa wakati mmoja, na fedha moja ikafanya kazi mbili. Hilo linahitaji idara mbili zikae meza moja mchoro ukiwa bado mchoro.

Hatua ya kuanzia tunayoiomba ni ukaguzi wa njia zote za mitaa ya makazi, utakaoandikwa katika daftari la wazi linaloonesha kila kipande, hali yake, na tarehe ya kutengenezwa. Wakaguzi watembee kwa miguu, wasipite kwa gari. Waje mara moja mchana na mara moja baada ya giza kuingia, na ikiwezekana siku iliyofuata mvua, kwa kuwa madimbwi yatawaonesha mteremko kuliko kifaa chochote. Wafuatane na mtu anayetumia kiti cha magurudumu na mtu asiyeona, na watu hao walipwe kwa muda wao kama wanavyolipwa wataalamu wengine, maana katika jambo hili wao ni wataalamu.

Kwa upande wetu, majirani tuliozungumza tuko tayari kukata matawi ya ua zetu yanayoingia njiani, kutoegesha juu ya njia, kutorundika mchanga na matofali ya ujenzi juu yake, na kuteua mtu katika kila mtaa atakayepeleka taarifa za uharibifu mahali pamoja patakapotajwa na ofisi yako. Tutashiriki katika ukaguzi tukialikwa. Tuko tayari pia kusikia kwamba mtaa wetu si wa kwanza kwenye orodha, mradi orodha iwepo na sababu za mpangilio wake zielezwe.

Tunaomba ombi la kasma ya matengenezo ya njia za waenda kwa miguu liingizwe katika ajenda ya kikao kijacho cha bajeti, na tujulishwe kwa maandishi ni idara ipi iliyokabidhiwa jukumu hilo na ni afisa wa cheo gani tutakayewasiliana naye. Bamba lililoinuka na mfuniko uliovunjika kwenye njia ya kwenda shuleni tunaomba vishughulikiwe bila kungoja kikao hicho.

Wako mwaminifu,

Mkazi wa mtaa wa makazi, kwa niaba yangu na ya majirani zangu